Projekta Nyumbani: Anza na Giza, Malizia na Uso

Baba mdogo alipanda treni Kigoma akaja Morogoro kwenye harusi ya mdogo wangu. Wiki moja baada ya sherehe, kabla hajarudi, tulikusanyika sebuleni kwa mama kutazama video ya siku ile. Nilikuwa nimekuja na projekta yangu. Nikaiweka mezani, nikaielekeza ukutani, nikachagua mfumo wa picha unaowaka kuliko yote, nikapandisha kontrasti mpaka mwisho, kisha nikashusha mwangaza ili nyeusi iwe nyeusi hasa. Picha iliwaka kweli. Shela la bibi harusi likawa doa jeupe lisilo na nakshi wala mkunjo, na wanaume waliosimama nyuma ya bwana harusi wakageuka vivuli vilivyovaa mashati meupe.

Mama akanyoosha kidole. "Huyu wa pili kutoka kulia ni nani?"

Baba mdogo alikuwa amekaa mkekani karibu naye. Akajibu taratibu: "Ni mimi, shemeji."

Jibu lile liliniuma. Mzee amekata nchi nzima kwa reli ili awepo, na mimi nikamfuta kwa rimoti. Usiku ule watu walipolala nilirudi sebuleni nikaanza upya, hatua kwa hatua. Niliyoyaona usiku ule, na niliyojifunza tangu hapo kwa kuwarekebishia ndugu na majirani projekta zao, ndiyo ninayotaka kukupa hapa. Kwa kifupi ni haya: anza na giza la chumba, malizia na uso wa mtu unayemfahamu. Ukifuata mpangilio huo, hata mashine ya bei ya kawaida itakupa picha nzuri. Ukiuvuruga, hata ya bei kubwa itakuhangaisha.

Chumba kabla ya menyu

Projekta haina nuru nyeusi. Inachoweza ni kurusha nuru au kuizuia, na pale inapoizuia, unachokiona ni ukuta wako wenyewe jinsi ulivyo kwa wakati huo. Jaribu leo: zima mashine, kaa mahali unapokaa siku zote, tazama ukuta. Rangi unayoiona ndiyo nyeusi yako. Suti ya bwana harusi, anga la usiku, nywele za mtangazaji, vyote haviwezi kuwa vyeusi kuliko hapo.

Nalikumbuka vizuri somo hili kwa sababu ya fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 18 Desemba 2022. Saa za Qatar na za kwetu ni zile zile, kwa hiyo mpira ulianza saa kumi na mbili jioni huku jua likiwa bado juu ya mapaa. Penalti ya Messi ya dakika ya 23 tuliisikia zaidi kuliko kuiona. Wachezaji walikuwa wamepauka kama nguo iliyoanikwa muda mrefu. Kipindi cha pili giza lilikuwa limeshaingia, na mabao mawili ya Mbappé, dakika ya 80 na ya 81, tuliyaona mpaka jasho la mfungaji. Mwenzangu mmoja alidhani mashine ilikuwa imepata moto. Mashine ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni ukuta.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ielekeze kwenye pazia. Pazia jepesi la maua halizuii jua. Lishonee kitambaa kizito cha rangi ya giza kwa nyuma. Funga mlango wa jikoni. Kama kuna wazee au watoto wanaopita, acha taa ndogo nyuma ya watazamaji au sakafuni, isiumulike ukuta wa picha.

Ukuta nao uutazame. Unaofaa ni mweupe usiong'aa. Kuta zetu nyingi hupakwa rangi ya mafuta kwa sababu husafishika kirahisi, lakini mng'ao wake hurudisha taa ya mashine machoni na kuacha doa linalowaka katikati ya picha. Ukuta wa krimu huifanya picha nzima iwe ya njano, wa kijani hafifu huzigeuza nyuso. Ukitumia shuka jeupe, lipasi na ulivute lisiwe na mikunjo, na nyuma yake tundika kitambaa cheusi, maana shuka moja hupitisha nuru nyingi upande wa pili.

Kisha amua ukubwa. Hapa ndipo tamaa inapotuponza. Picha ya inchi 100 kwa uwiano wa 16 kwa 9 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Ukiivuta hadi inchi 150, eneo linaongezeka mara mbili na robo, na nuru ni ile ile inayogawanywa. Kila sehemu ya ukuta inabaki na chini ya nusu ya ilichokuwa nacho. Sinema za kidijiti hulenga kandela 48 kwa kila mita ya mraba katika giza kamili. Lumeni 400 za kweli kwenye skrini nyeupe ya inchi 100 zinakaribia kiwango hicho. Ninasema za kweli kwa sababu maboksi ya mashine za bei nafuu huandikwa maelfu ya lumeni. Tafuta neno ANSI mbele ya namba: kipimo hicho huchukuliwa sehemu tisa za picha kisha hupigiwa wastani. Kama picha yako ni hafifu hata usiku, isogeze mashine karibu na ukuta kabla hujagusa menyu. Kuipunguza kutoka inchi 120 hadi 100 huongeza mng'ao kwa zaidi ya theluthi moja, na haikugharimu hata shilingi.

Mkao na ukali

Picha ikikaa kama beseni, pana juu na nyembamba chini, wengi hukimbilia kitufe cha kunyoosha pembe, kile ambacho kwenye menyu huandikwa Keystone. Kinasaidia, ila kwa kuibana picha ndani ya mashine. Pikseli za pembeni zinaachwa bila kazi, zinazobaki zinachanganywa, na maandishi madogo ya matokeo ya mpira yanaanza kufifia. Iweke mashine ikitazama ukuta moja kwa moja, usawa wa katikati kushoto na kulia, isiinamishwe. Stuli, rafu au kibao kilichopigwa ukutani hutosha. Ukiining'iniza darini kichwa chini, menyu ina sehemu ya kuipindua picha. Kile kitufe kiachie marekebisho madogo ya mwisho.

Ukali wa lenzi urekebishe baada ya mashine kuwaka nusu saa hivi, kwa sababu lenzi nyingi za bei nafuu husogea kidogo zinapopata joto. Tumia maandishi: fungua menyu yenyewe, simama karibu na ukuta, zungusha lenzi mpaka kingo za herufi zikate. Angalia katikati kwanza, kisha pembe nne. Pembe moja ikigoma wakati nyingine zimekubali, mashine haijaelekea ukuta sawasawa.

Mfumo wa picha

Sasa shika rimoti. Kila projekta huja na mifumo ya picha iliyopangwa tayari. Ule unaoitwa Dynamic au Vivid hupendwa dukani kwa sababu unashinda taa za duka. Nyumbani, kwenye giza, unachosha macho, na katika mashine nyingi za balbu unavuta kuelekea kijani, kwa kuwa balbu hizo hutoa kijani kwa wingi na mfumo huo unakiachilia chote kipite. Chagua Cinema, Movie au Filmmaker.

Utakapobadilisha, picha itaonekana imefifia na kuwa na umanjano. Usirudi nyuma. Jicho lililozoea weupe wenye ubluu huona weupe wa kweli kuwa wa njano. Lipe dakika kumi. Weupe unaotumika kutengeneza filamu na vipindi vya televisheni ni ule wa kelvini 6500, na mara nyingi utaupata kwenye chaguo la joto la rangi lenye jina la Warm. Baada ya dakika hizo kumi, jaribu kurudi kwenye ule wa kwanza. Utashangaa uliwezaje kuutazama.

Picha ya harusi

Mafundi wa televisheni wana picha maalumu za kupimia. Mojawapo, iitwayo PLUGE, ilitokana na BBC: ni michirizi myeusi inayokaribiana, na fundi anapandisha au kushusha mpaka mmoja uonekane na mwingine umezwe. Ukiipata, itumie. Lakini kila nyumba ya kwetu tayari ina kipimo chake: picha ya harusi. Ina suti nyeusi, ina shela jeupe, ina nyuso. Chagua moja iliyopigwa vizuri na mpiga picha, yenye bwana na bibi harusi waliosimama pamoja. Inakili kwenye fleshi, ichomeke kwenye mashine, zima taa.

Tazama suti. Fungua mstari wa Brightness. Jina hilo limewapotosha wengi. Mstari huo hauongezi nuru ya taa, kazi yake kubwa ni kuamua nyeusi ianzie wapi. Ushushe mpaka suti iwe gunia jeusi lisilo na kola. Sasa upandishe taratibu, nukta moja moja. Utaona ukingo wa kola ukijitokeza, kisha vifungo, kisha mkunjo wa kiwiko. Endelea kidogo tu. Suti nzima ikianza kuwa na vumbi la kijivu, umepita. Rudi nukta moja au mbili. Hapo ndipo penyewe: kola inaonekana na suti bado ni nyeusi.

Hamia kwenye shela. Fungua mstari wa Contrast, unaotawala nyeupe. Upandishe mpaka nakshi za kitambaa zipotee, kisha ushushe mpaka zirudi, moja baada ya nyingine. Simama pale ambapo maua ya lesi yanahesabika na nguo bado inang'aa. Rudi tena kwenye suti uikague, kwa kuwa mistari hii miwili huvutana. Mizunguko miwili au mitatu inatosha.

Kuna tatizo moja hapa huwasumbua watu usiku kucha. Ukiunganisha laptopu kwa waya wa HDMI, nyeusi inaweza kuwa majivu hata ufanye nini, au vivuli vyote vimezwe. Chanzo ni lugha mbili za namba. Televisheni na ving'amuzi huhesabu nyeusi kuwa 16 na nyeupe kuwa 235. Kompyuta nyingi huanzia 0 na kuishia 255. Chombo kimoja kikisema hivi na kingine kikisikia vile, mistari ya menyu haiwezi kupatanisha. Tafuta chaguo la kiwango cha rangi kwenye mipangilio ya laptopu na kwenye projekta, uyafanye yote mawili yalingane. Baada ya hapo ndipo uanze na suti.

Uso ndio hakimu

Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha zilipokea kutoka Kodak kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ikae vizuri, na hapo kazi ilihesabiwa imekamilika. Watu weusi wengi wa kizazi cha wazazi wetu wanazo albamu ambazo ndani yake nyuso zao ni macho na meno tu. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja kusambazwa katika miaka ya 1990.

Ninaeleza haya kwa sababu kosa hilo hilo tunaweza kulirudia wenyewe, ndani ya nyumba zetu. Uso mweusi umejaa daraja ndogo za nuru: mng'ao wa paji la uso, kivuli cha chini ya shavu, wekundu kidogo wa midomo. Nyingi kati ya daraja hizo zinaishi karibu na nyeusi, pale pale tunapopaminya tunapotaka picha "iwe nzito". Ndivyo nilivyompoteza baba mdogo.

Basi chukua picha ya mtu wa nyumbani, mwenye ngozi nyeusi hasa, iliyopigwa nje kivulini. Ikiwezekana, mtu huyo awe chumbani. Kwenye mstari wa rangi, ule wa Color au Saturation, shusha mpaka picha iwe ya kijivu, kisha pandisha taratibu. Kuna mahali uso unapata uhai, na hatua chache mbele unakuwa mwekundu kama umepakwa mkorogo. Simama kabla ya hapo. Kisha weka mpira na utazame majani ya uwanja: yakiwa kijani cha plastiki, bado umezidisha. Uso na majani vikigombana, sikiliza uso, kwa kuwa viwanja havifanani na mama yako unamjua. Mstari wa Tint uache katikati, isipokuwa nyuso zote, za kila kipindi, zimeegemea kijani au zambarau.

Endapo baada ya yote haya nyuso za vivulini bado zinazama huku suti iko sawa, tafuta chaguo la gama. Namba 2.4 inafaa chumba chenye giza kamili, 2.2 huinua vivuli kidogo na inafaa sebule nyingi zenye mwanga wa kuibia.

Mstari wa Sharpness nao una mtego. Haurekebishi lenzi, unachora mstari mweupe kuzunguka kila kitu ili kionekane kimekatwa. Tazama namba za saa ya mpira pembeni mwa skrini. Ukiona kila tarakimu imevishwa kivuli cheupe, shusha mpaka kivuli kiondoke. Ngozi nayo itaacha kuonekana kama mchanga.

Mwendo, HDR na michezo ya kompyuta

Filamu nyingi hupigwa picha 24 kwa sekunde. Mashine nyingi hutunga picha za ziada katikati ili mwendo uteleze, na matokeo yake filamu nzuri huonekana kama igizo lililorekodiwa kwa kamera ya kukodi. Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video nzima kuwaomba watazamaji wazime kitu hiki. Nakuomba vivyo hivyo kwa filamu. Kwa mpira, ukiweka kiwango cha chini na ukapenda, kiache. Ila mpira ukianza kuwa na mkia, zima. Kwa michezo ya kompyuta tumia mfumo wa Game, unaopunguza kuchelewa kati ya kidole na picha.

Video za HDR zimetengenezwa kwa skrini zenye mng'ao mkubwa ambao projekta ya nyumbani haiufikii. Filamu ikija imezama gizani wakati nyingine zote ziko sawa, nenda kwenye kifaa kinachorusha filamu uzime HDR. Mara nyingi nyuso zitarudi papo hapo.

Hifadhi ulichokipata

Mashine nyingi huhifadhi mipangilio miwili au zaidi. Weka mmoja wa usiku, kama tulivyofanya, na mwingine wa jioni yenye mwanga, kontrasti na taa vikiwa juu kidogo. Kisha piga picha kila ukurasa wa menyu kwa simu. Siku mtoto atakapokalia rimoti, utarejesha kila kitu kwa dakika tano.

Balbu hufifia kadiri inavyotumika, kwa hiyo rudia jaribio la suti na shela kila baada ya miezi kadhaa. Kama chumba chako kina giza la kutosha, tumia mfumo wa Eco: hupunguza mng'ao, hutuliza kelele za feni na kurefusha maisha ya balbu. Chujio la vumbi, kama lipo, lisafishe mara kwa mara, hasa kiangazi. Na mashine ya balbu usiichomoe ghafla. Izime kwa rimoti, subiri feni imalize kupoza. Unapoishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa, UPS ndogo inaipa feni dakika inazohitaji.

Kesho yake usiku niliwaita tena. Pazia la mama nilikuwa nimelibandikia blanketi, picha nimeipunguza hadi robo tatu ya ile ya kwanza. Mdogo wangu alilalamika kuwa imekuwa ndogo. Tulipofika pale wanaume walipojipanga nyuma ya bwana harusi, hakuna aliyeuliza wa pili kutoka kulia ni nani. Baba mdogo alisogea mbele mkekani, akatazama kifuani pake ukutani, ambapo jana palikuwa na giza tupu. Palikuwa na tai ya bluu iliyokolea yenye mistari myembamba.

"Shemeji," alimwambia mama, "tai ya marehemu kaka, unaiona?"

Mama aliiona. Aliomba tuirudishe nyuma, tukairudisha mara tatu.